Watoto mia moja, miaka kumi ijayo: namna ya kuwauliza wataalamu kuhusu uhai wa wagonjwa

Jaribio la dawa hufuatilia wagonjwa miaka 2 au 3, kisha fedha zinakwisha na matokeo yanachapishwa. Anayepima gharama na faida ya tiba hawezi kuishia hapo. Yeye anatakiwa aseme mtoto aliyeanza dawa leo ataishi miaka mingapi, dawa itagharimu kiasi gani katika miaka hiyo yote, na kama pesa hiyo hiyo isingeokoa watu wengi zaidi mahali pengine. Data hazifiki huko. Lazima mtu akadirie, na swali ni nani akadirie na kwa utaratibu gani.

Hapa Lubumbashi, wanafunzi wa afya ya jamii wanaoandika memwari (tasnifu) na wafanyakazi wa miradi wanaoandaa bajeti wengi humalizana na jambo hili kwenye kompyuta. Wanachagua mchoro wa uhai, yaani mstari unaoonyesha wangapi wanabaki hai mwaka hadi mwaka, unaolingana na data za miaka ile michache, wanaurefusha hadi miaka 20, wanaendelea na kazi. Kuchagua mchoro ni kukadiria vilevile, ila aliyekadiria hajawahi kulala zamu katika wodi ya watoto. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwapa kazi hiyo wanaowajua wagonjwa, na kuwauliza kwa njia inayotoa wanachokijua pamoja na kiasi cha wasichokijua.

Mfano wangu mwanzo hadi mwisho ni ugonjwa wa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ule ambao katika komini za Katuba na Kenya hapa jijini watu huuita SS tu, na dawa yake haidroksiurea. Jaribio la REACH liliwapa dawa hiyo watoto 606, wa umri wa mwaka 1 hadi 10, katika Angola, Uganda, Kenya na kwetu Kongo, upande wa Kinshasa. Matokeo yalitoka kwenye jarida mwanzoni mwa 2019, mwandishi wa kwanza akiwa Mkongomani, Léon Tshilolo. Ukiwafuata watoto 100 kwa mwaka mmoja kabla ya dawa, vifo vilikuwa sawa na 3.6. Baada ya dawa vilishuka hadi 1.1. Malaria na maumivu makali pia vilipungua kwa zaidi ya nusu. Ni habari njema kabisa kwa familia zetu. Lakini haisemi mtoto wa miaka 5 atakuwa wapi akitimiza 25.

Hatua ya 1: Angalia kwanza kama swali lina uzito

Usiwakusanye watu wenye kazi nyingi kwa jambo lisilobadilisha uamuzi. Fanya hesabu mbili za haraka, moja ya matumaini na moja ya hofu.

Chukulia kwamba kasi ya vifo haibadiliki kwa miaka 20. Bila dawa, kwa vifo 3.6 kwa mwaka katika kila watoto 100, wanabaki kama 49. Kwa vifo 1.1, wanabaki kama 80. Kila mtoto anapata kwa wastani miaka 3.7 ya ziada ndani ya kipindi hicho, bila kupunguza thamani ya miaka ya mbali. Sasa chukulia kwamba faida inadumu miaka 5 tu, kisha kasi inarudi ilipokuwa, kwa sababu dawa zinakatika kwenye famasia au dozi haipandishwi mtoto anapoongezeka uzito. Wanabaki kama 55, na faida inashuka hadi miaka 1.6 kwa kila mtoto. Kama dawa inaendelea kulipiwa muda wote, gharama ya kila mwaka wa maisha uliookolewa inakuwa karibu mara mbili.

Hesabu zote mbili zinatumia data zile zile za jaribio. Tofauti yote inatoka kwenye dhana kuhusu miaka ambayo hakuna aliyeiona, kwa hiyo hapa wataalamu wanahitajika. Kama majibu mawili yangekaribiana, ungeandika hivyo kwenye ripoti na kuacha wataalamu waendelee na wagonjwa wao.

Hatua ya 2: Andika swali mpaka lisiwe na njia mbili za kuelewa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimya kimya. "Wagonjwa wa SS wanaishi muda gani?" si swali. Wagonjwa gani? Waliogunduliwa wakizaliwa, au waliofika hospitali tayari wana miaka 4? Tofauti ni kubwa mno: makadirio yanayotajwa sana kwa Afrika ni kwamba kati ya asilimia 50 na 90 ya watoto wenye ugonjwa huu hufariki kabla ya miaka 5 wakikosa huduma. Mtoto aliyevuka umri huo ameshapita mlango ambao wenzake wengi hawakuupita.

Andika hivi: watoto wenye SS wanaoishi ndani ya jiji la Lubumbashi, wenye miaka 5 leo, wanaoanza haidroksiurea leo, huduma zikiwa kama zilivyo sasa. Saa inaanza kuhesabu siku ya dozi ya kwanza. Kifo ni kifo cha sababu yoyote. Aliyehamia Kolwezi bado anahesabiwa, hata kama hatumwoni tena.

Uliza kwa watu, usiulize kwa asilimia wala kwa "uwezekano". Mtu anayehudumia wagonjwa hufikiri kwa watoto aliowaona. Na uliza kwa lugha wanayofanyia kazi, karatasi inaweza kuwa ya Kifaransa, lakini mezani nauliza hivi: "Mama, mu batoto mia moja, bangapi batafikisha miaka makumi mbili?" Jibu huja na sababu zake.

Jambo la muhimu kuliko yote katika hatua hii ni kuugawa muda. Usiulize miaka 5, kisha 15, kila moja kuanzia siku ya kwanza. Uliza kwanza: kati ya 100 wanaoanza leo, wangapi watakuwa hai baada ya miaka 5? Kisha weka 100 wapya mezani: hawa wote wamefika mwaka wa 5 wakiwa hai, wangapi watakuwa hai miaka 10 baadaye? Mtaalamu akisema 92 halafu 80, unazidisha: 0.92 mara 0.80 ni karibu 74 kati ya 100 kwa miaka 15. Kwa njia hii hawezi kutoa majibu yanayopingana, na kila swali linabeba kipindi kimoja tu cha maisha ya mtoto.

Ukipenda kujua anafikiri nini hasa, geuza majibu yawe kasi ya vifo. 92 kati ya 100 kwa miaka 5 ni kama vifo 1.7 kwa mwaka katika watoto 100. 80 kati ya 100 kwa miaka 10 ni kama 2.2. Maana yake mtaalamu huyu anaamini hatari inapanda mtoto anapokua. Muulize kwa nini. Akikujibu kwamba kijana akitoka wodi ya watoto kwenda ya wakubwa hakuna anayemfuatilia tena, ameshakupa kitu ambacho hakuna mchoro wa kompyuta ungekupa.

Hatua ya 3: Kusanya kilichopo kwenye kurasa chache

Kurasa 4 au 5 zinatosha. Weka matokeo ya jaribio, pamoja na udhaifu wake: kipindi cha kabla ya dawa kilikuwa kifupi, miezi 2 hivi, na vifo vilikuwa vichache, ndiyo maana kiwango cha faida kina upana mkubwa. Weka jedwali la vifo vya watu wote wa Kongo kutoka Shirika la Afya Duniani, kwa sababu mgonjwa wa SS hatarajiwi kuishi muda mrefu kuliko jirani yake asiye na ugonjwa. Hiyo ndiyo dari ya makadirio yote. Weka hali halisi ya hapa: nani anapata dawa, damu salama inapatikana wapi, vipimo vya damu vinafanyika mara ngapi.

Usiweke michoro iliyorefushwa tayari. Kuna wanaowaonyesha madaktari michoro sita na kuwauliza upi unafaa. Siipendi njia hiyo hata kidogo. Mtu akishaona mstari, macho yake hayatoki hapo. Amos Tversky na Daniel Kahneman walilionyesha hilo tangu 1974, kwamba namba ya kwanza kuonekana huvuta zote zinazofuata. Daktari anayechagua kati ya michoro yako anaidhinisha kazi yako, hakupi maoni yake.

Hatua ya 4: Chagua watu

Watano hadi wanane. Zaidi ya hapo mazungumzo yanakuwa mkutano. Usiwajaze maprofesa peke yao. Kwa mfano wetu ningetafuta daktari wa watoto kutoka hospitali kubwa kama Sendwe, mmoja wa kliniki za Chuo Kikuu, daktari wa wakubwa anayepokea vijana wa SS wenye miaka 20 na zaidi, muuguzi mwenye miaka mingi wodini, mtu wa maabara au wa benki ya damu, na daktari wa kituo cha afya cha komini ya pembeni, tuseme Ruashi.

Huyo wa mwisho na muuguzi ndio wanaosahaulika. Daktari wa hospitali kubwa huwaona wanaorudi. Mtoto ambaye mama yake alikosa nauli, akafia nyumbani, hayumo kwenye kumbukumbu zake wala kwenye daftari lake. Anayewajua waliopotea ni yule aliyeko karibu na mtaa.

Wazazi na vyama vyao wasikilizwe pia, ila kwa maswali mengine: dawa hukatika mara ngapi, mtoto huachishwa lini. Maelezo yao yaingie kwenye zile kurasa za hatua ya 3. Kumwomba mama akadirie watoto wangapi kama wake watakufa ni ukatili, na sioni utafiti unaohalalisha hilo.

Kila mtaalamu aandike kama ana uhusiano wowote na muuzaji wa dawa. Haimzuii kushiriki, ila isomeke.

Hatua ya 5: Wafundishe kabla ya kuwauliza

Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti wa Chicago: madaktari 343 walikadiria uhai wa wagonjwa mahututi 468. Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 yalikuwa ya matumaini kupita kiasi, na kwa jumla madaktari walizidisha muda zaidi ya mara 5. Tena, kadiri daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyokosea zaidi. Wasomee matokeo hayo bila kuwalaumu. Kumpenda mgonjwa hupandisha namba, na ndiyo sababu tunauliza kuhusu kundi la 100, hatumuulizi mtu kuhusu mgonjwa wake.

Kisha fanya zoezi la jambo lisilo na uchungu, kwa mfano umbali wa barabara kutoka Lubumbashi hadi Kalemie. Kila mtu aandike kiwango cha chini na cha juu ambacho angeshangaa sana jibu likitoka nje yake. Wengi watabana mno. Waache walione wenyewe, kisha wafanye lingine.

Hatua ya 6: Uliza, kila mtu peke yake

Utaratibu ninaoufuata ni ule uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na Tony O'Hagan na Jeremy Oakley, unaoitwa SHELF. Fomu na programu yake ni vya bure, na sehemu ya kuuliza haihitaji umeme.

Kila mtu aandike kwanza mipaka: chini kabisa na juu kabisa. Mipaka ndiyo inayoanza, kwa sababu ukianza na namba ya katikati, mipaka itajibana kuizunguka. Baada ya mipaka, mpe karatasi yenye vyumba vya kumi kumi, kutoka 0 hadi 100, na visoda 20. Kila kisoda ni asilimia 5 ya imani yake. Arundike penye uwezekano zaidi.

Tuseme muuguzi anajibu swali la pili, lile la miaka 10 baada ya miaka 5. Anaweka visoda 2 kwenye chumba cha 60 hadi 70, 11 kwenye 70 hadi 80, na 7 kwenye 80 hadi 90. Usimwambie kwamba amebana. Muulize hivi: "Mama, ukirudi miaka 10 kutoka leo ukakuta wamebaki 55, utasema kilitokea nini?" Ananyamaza, halafu anataja wakati dawa zilipokosekana famasia zote, na wale wasichana wanaoolewa wakaacha kliniki. Anaondoa visoda 2 kutoka rundo la kati na kuvisogeza chumba cha 60 hadi 70, anaondoa 2 vya juu na kuvipeleka chumba cha 50 hadi 60. Sasa ana 2, 4, 9 na 5. Ukisoma rundo hilo, nusu ya imani yake iko chini ya 74 hivi na nusu juu. Robo ya chini inaishia karibu 67 au 68, na robo ya juu inaanzia 80. Mkia wa chini umeingia kwa sababu alikumbuka, na alikumbuka kwa sababu aliulizwa.

Piga picha karatasi kabla visoda havijaguswa. Andika sababu zake kwa maneno yake mwenyewe.

Anza na watoto wasio na dawa, kisha wenye dawa. Anayeamini kwamba bila dawa watoto wengi wataishi ataamini pia kwamba kwa dawa wataishi wengi zaidi. Majibu mawili yanaenda pamoja. Kwa hiyo swali la wenye dawa liulizwe kama tofauti: ukichukulia kwamba bila dawa wamebaki 60, kwa dawa wangebaki wangapi? Ukiyatenganisha kama hayahusiani, kompyuta itakuzalishia hali ambamo dawa inaua.

Pumzika katikati. Hawa ni watu waliowazika baadhi ya watoto wanaowahesabu, na chai ya dakika kumi ni sehemu ya kazi.

Hatua ya 7: Kikao cha pamoja

Weka marundo yote ukutani bila majina. Anza na waliotofautiana zaidi, waeleze. Ukiona wengi wako karibu na 75 na mmoja yuko 45, usimbembeleze ajiunge na wenzake. Mara nyingi anajibu swali jingine: ana watoto wa Kasenga kichwani, wenzake wana watoto wa mjini. Ikiwa ndivyo, gawa swali liwe mawili. Ikiwa anawazungumzia watoto wale wale na sababu zake ni nzito, wengine watasogea wenyewe.

Baada ya majadiliano, kundi linaulizwa: mtu mwenye busara, asiyeegemea upande wowote, aliyekaa hapa akasikia yote, angeweka wapi visoda 20? Hiyo ndiyo namba ya kundi. Mwezeshaji awe mtu anayeweza kumnyamazisha profesa kwa heshima na kumpa muuguzi nafasi, kwa sababu hapa kwetu cheo huongea kabla ya mwenye cheo kufungua mdomo. Ndiyo maana kila mtu aliandika peke yake kwanza.

Ikishindikana kukubaliana, changanya marundo yote kwa uzito sawa. Changanya marundo mazima. Ukichukua wastani wa namba za katikati peke yake, umetupa upana wote, na upana ndio uliokuja kuutafuta. Rundo la pamoja likiwa na vilima viwili, liache na vilima viwili. Wapo wanaowapa wataalamu uzito tofauti kwa kuwapima kwa maswali yenye majibu yanayojulikana, njia ya Roger Cooke. Ni nzuri penye kumbukumbu za kutosha kutunga maswali hayo. Kwa mfano wetu ningebaki na uzito sawa.

Hatua ya 8: Rudi kwenye mchoro

Sasa ndipo michoro ya uhai inapoingia, kila mmoja na kanuni yake ya hesabu: eksponenti, Weibull, Gompertz, log-nomo (log-normal), log-lojistiki. Ilinganishe na data za jaribio, kisha angalia ipi inapita ndani ya makadirio ya mwaka wa 5 na wa 15. Inayopita nje iondolewe, hata kama inalingana vizuri na miaka ya mwanzo. Log-nomo na log-lojistiki zina mikia mirefu. Zisipofungwa na kasi ya vifo ya watu wote, zitakuletea wagonjwa wa miaka 120.

Wataalamu wako wamesoma matokeo ya REACH. Maoni yao tayari yana data hizo ndani. Ukiyachanganya tena na data zile zile kama ushahidi mpya, umehesabu mara mbili na upana wako utakuwa wa uongo. Tumia maoni yao kwa miaka ya baada ya jaribio tu.

Mwisho endesha hesabu mara elfu moja au zaidi, kila mara ukichota namba kutoka rundo la kundi, na uripoti gharama ya mwaka wa maisha pamoja na upana wake. Bajeti inayopelekwa Divisheni ya Afya ya Mkoa ikiwa na namba moja tupu inamwambia msomaji kwamba tunajua tusichokijua, na atakayelipia kosa hilo ni mtoto ambaye dawa yake itakatika mwaka wa tatu.

Hatua ya 9: Andika, na uwarudishie

Ripoti iwe na swali neno kwa neno, kazi na uzoefu wa kila mtaalamu bila jina lake kuunganishwa na namba zake, marundo ya kabla na ya baada ya majadiliano, na sababu walizotoa. Watumie wataalamu rasimu ndani ya wiki moja, waikubali au waisahihishe, kabla hawajaona gharama zilizotoka. Mtaalamu akiona kwanza kwamba dawa imeonekana ghali, atataka kurudi kusogeza visoda, na hata wewe utatamani avisogeze.